Lenzi Iliyoanguka Stendi

Leo nataka kuwaeleza habari ya kosa langu mwenyewe, maana najua wengi wenu mna kamera nyumbani, na kamera huanguka.

Mimi ni mpiga picha hapa Masasi. Mwaka 2014 niliitwa Newala kupiga picha za arusi. Asubuhi, nilipokuwa stendi nikingoja gari, mkanda wa mfuko ulinitoka begani. Mfuko ulianguka kimo cha kiti tu. Nikaitoa kamera upesi: kioo kizima, ila ukingo wa mbele wa lenzi umebonyea kidogo. Nikapuliza vumbi, nikampiga picha mama mmoja muuza maandazi, nikaitazama katika kidirisha cha nyuma. Nzuri! Nikapanda gari. Lakini kidirisha kile hakizidi sana ukubwa wa kiberiti.

Sherehe ilipokwisha, ukoo wote ulipangwa chini ya mwembe. Bibi yake bwana arusi, mwenye chale za zamani usoni ambazo wasichana wa leo hawachanjwi tena, aliwekewa kiti mwisho wa mstari, upande wa kulia, kwa kuwa miguu yake haikumruhusu kupita katikati ya watu. Nikapiga.

Siku ya tatu nikaikuza picha kwenye kompyuta. Walio kushoto waonekana hata vifungo vya mashati. Walio kulia ni kama watu walio chini ya maji. Bibi hana macho.

Ndani ya lenzi mna vioo kadhaa, kila kimoja katika pete yake, na vyote vyapaswa kukaa katika mstari mmoja. Pigo dogo likikiinamisha kimoja hata kwa unene wa unywele, upande mmoja wa picha hufifia, na kwa nje huoni kitu. Tena mkwaruzo mdogo juu ya kioo cha mbele, ambao watu huuogopa sana, mara nyingi hauonekani katika picha kabisa. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, alipiga picha zake juu ya mabamba ya kioo. Bamba likivunjika, mtu aliona vipande. Mimi sikuona kitu.

Basi, wenye arusi walipouliza, niliwaambia ni ukungu wa Newala. Wakakubali, maana ukungu wa huko wanaujua.

Miezi minne baadaye bibi alifariki. Wakanipigia simu: tuandalie picha yake kubwa ya kuweka mbele ya jeneza. Nikapekua zote. Nilimpata mahali pamoja tu akiwa katikati ya picha, naye ameinamisha kichwa akipokea sahani ya wali. Nikapanda Newala nayo, nikamwendea mjomba, ambaye katika ukoo wao ndiye msemaji, nikamwambia habari ya stendi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Ungetuambia siku ile, mwanangu, ungepanda tena. Bibi alikuwapo.”

Hakudai fedha. Afadhali angedai.

Sasa kamera yangu ikigongwa, hata kidogo, naiweka juu ya meza mbele ya ukuta wa matofali, imeelekea ukuta sawasawa, tundu la lenzi limefunguliwa lote. Napiga, kisha naikuza picha na kulinganisha pembe zote nne. Kazi ya dakika tano. Nasikiliza pia kama pete inakwaruza inapozungushwa, ikikwaruza siilazimishi. Na kioo cha kukinga kikipasuka, nageuza kamera uso chini kabla ya kukifungua, ili chembe zisikwaruze lenzi yenyewe.

Fundi mmoja wa Dar es Salaam alinitajia bei ya kuitengeneza lenzi ile, ikakaribia bei ya lenzi nyingine. Ninayo bado. Nikiliziba tundu lake hadi namba 11 upande ule hupata nafuu, nami naitumia kwa picha za pasipoti, mtu mmoja, katikati. Picha ya bibi akiwa ameinama iko ukutani kwao Newala. Nimeiona mara mbili tangu hapo.