Pilipili manga ni ya kusaga mwenyewe

Wadau, leo siasa kando, tuingie jikoni. Hapa Izia mgebuka wa Kasanga tunaupata, maharage ya Ufipa yapo. Kinachotuangusha ni ile pilipili manga ya unga. Ikishasagwa, mafuta yanayobeba harufu yake hupotea upesi, unabaki na ukali mtupu. Tena unga hauonyeshi kilichochanganywa ndani.

Nunua punje nzima. Zinalimwa hapa hapa nchini, Muheza na Morogoro, kwa hiyo kisingizio hatuna. Chagua nyeusi, nzito, zenye mikunjo. Tosa chache kwenye maji: zilizojaa huzama, ila mbegu za papai ambazo wajanja huchanganya kwa kawaida huelea.

Kisagio je? Angalia meno, si urembo. Peugeot, hao hao wa magari, walianza kutengeneza visagio vya pilipili mwaka 1874. Meno yao ya chuma huipasua punje kwanza, ndipo huisaga. Ya plastiki huisha upesi. Huna hela? Kinu kidogo na mchi wake vinatosha. Twanga ya mlo mmoja tu, nyunyiza chakula kikikaribia kuiva.

Mshahara wenyewe huu mdogo, jamani, tusinunulie vumbi.