Glasi Tuliyoishika kwa Haya



Sisi ni mawifi wawili, tunashona na kuuza nguo Darajani. Vitambaa tunavifuata Guangzhou, China, kupitia Dubai, na siku zote tunakaa nyuma kabisa. Safari hii tulijikusuru tukakata daraja la biashara, maana miguu ilikuwa ikituvimba.

Ndege haijaruka, kijana kaja na sinia: shampeni, maji ya machungwa na maji matupu. Jirani zetu wakachukua shampeni. Na sisi, kwa kuogopa kuonekana washamba, tukapokea. Tukazishika tu glasi zetu, hatunywi, hatuweki chini. Mikono hii hii iliyotia udhu alfajiri!

Mwisho tukamwita: "Samahani kaka, sisi hatunywi pombe." Hakushangaa hata kidogo. Akaziondoa, akatuletea kahawa ya Kiarabu na tende. Tukaangaliana: kumbe tulikuwa tukimwogopa nani?

Basi tumejifunza. Chakula cha Kiislamu unaweza kukiagiza kabla ya safari, lakini sinia la vinywaji humpitia kila mtu, kwa hiyo sema mapema, tena kwa upole. Usiyetaka hata kuiona pombe, Saudia na Royal Brunei hawaitoi. Na maji unywe kwa wingi, hewa ya ndani ya ndege ni kavu mno.

Nyumbani mgeni akikataa halua yetu hatumchukii. Vipi sisi tuone haya kukataa haramu? Mola atusamehe.

Na wewe shoga, ushawahi kupokea kitu kwa haya tu?