Garabo Si Samaki



Hapa Tshangalele kila mwanafunzi ana jina la pili, na ni mara chache kwamba mwenyewe alilichagua. Mwaka huu jina lililosikika kuliko yote ni Garabo. Aliitwa hivyo msichana mmoja wa mwaka wa tatu, ambaye hatutamtaja hapa. Ukimtuma maji, ukimwita aje kwenye mstari, anasimama kwanza, anainua kichwa kidogo, anashusha pumzi ndefu, halafu ndipo anakwenda. Hakosi kwenda. Lakini ile pumzi! Sisi makapita ilituchoma kuliko tusi.

Jumamosi moja tuliandika jina lake katika daftari ya nidhamu: kiburi mbele ya kapita. Mkono ulioandika vile ndio huu unaoandika leo. Alilima majani nyuma ya mabweni siku mbili, na watu wakapita wakiimba, "Garabo ee, Garabo!" Hatukuwakataza. Kusema kweli tulicheka pamoja nao.

Siku chache baadaye tulisikia watoto wa mwaka wa kwanza wakibishana kwenye bomba.

"Garabo njo nini?"

"Iko samaki ya mu Lufira."

"Hapana! Njo aina ya motokari."

Tukataka kuwasahihisha, na hapo tukajikuta hatuna jibu. Tulikuwa tumetumia jina muda wote bila kujua ni la nani. Basi tukaanza kulifuata, kama mtu anayefuata mbuzi aliyekata kamba.

Aliyelitoa wa kwanza ni mwenzetu wa mwaka wa tano. Akasema alilipata katika kaseti ya zamani ya mjomba wake, katika wimbo wa Kiingereza juu ya mwanamke mwenye macho ya Bette Davis. Alijua sauti za maneno, maana hakuijua. Tukapeleka kaseti kwa mwalimu wa Kiingereza. Alicheka, kisha akatusikilizisha mara nne, kwa sababu katika lugha ile neno la macho na neno la kushusha pumzi yanafanana sana sikioni. Mara ya nne tulisikia vizuri: wimbo unataja macho ya Bette Davis, lakini unataja pia pumzi za Greta Garbo, pumzi za mtu anayejiweka mbali. Garbo. Garabo. Tulimpata.

Wimbo wenyewe ulitungwa mwaka 1974 na wanawake wawili wa Marekani, Donna Weiss na Jackie DeShannon. DeShannon aliuimba mwaka 1975 na watu hawakuutazama sana. Mwaka 1981 Kim Carnes aliuimba kwa sauti yake ya kukwaruza, ukakaa wa kwanza kule Marekani wiki 9. Bette Davis alikuwa na miaka 73. Aliandika barua kushukuru kwamba wamemrudisha kati ya watu wa siku zile.

Lakini sisi tulimtaka yule wa pumzi. Greta Garbo alizaliwa Stockholm, nchi ya Sweden, mwaka 1905, katika nyumba ya maskini. Baba yake alikufa mwaka 1920, yeye akiwa na miaka 14, akaingia kazi: kupaka watu sabuni ya ndevu kwa kinyozi, kisha kuuza kofia dukani. Mwaka 1925 alikwenda Marekani. Filamu zake za kwanza hazikuwa na sauti; sauti yake ilisikika mara ya kwanza mwaka 1930, katika Anna Christie. Fikirini basi: pumzi zile zilipata sifa kabla ya mtu yeyote kuzisikia! Watu waliziona katika mabega, katika shingo, katika macho yanayofunga nusu. Mwalimu alituonyesha kwenye kompyuta yake mwisho wa Queen Christina, ya mwaka 1933. Mwanamke amesimama mbele ya merikebu, mpenzi wake amekufa, uso unajaa kioo chote, hasemi neno. Chumba chetu kilinyamaza, na chumba chetu hakinyamazi upesi.

Watu walimwita mwenye kiburi. Alikimbia waandishi wa magazeti, hakupenda kutia sahihi. Katika Grand Hotel ya mwaka 1932 anacheza mtu anayesema anataka kuwa peke yake, na dunia ikachukua maneno yale kuwa ni yake mwenyewe. Baadaye alieleza kwamba yeye alitaka tu wamwache kwa amani, na kwamba tofauti ni kubwa. Mwaka 1941, na miaka 36 tu, aliacha filamu asirudi tena mpaka kufa kwake New York mwaka 1990.

Mwalimu alituambia kwamba si sisi wa kwanza kumpoteza mtu ndani ya jina lake. Mwaka 1950, kwa Wakipsigis wa Kericho, Kenya, Hugh Tracey alinasa sauti za wasichana wakimwimba Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala. Chemirocha huyo alikuwa Jimmie Rodgers, Mmarekani, zamani mfanyakazi wa reli, ambaye alikuwa amekufa tangu 1933. Sauti yake, inayoruka toka chini mpaka juu, ilifika kwao katika sahani za gramofoni. Na Tracey huyo huyo, mwaka 1952, alikuja hapa kwetu Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akanasa gita la Mwenda Jean Bosco, yule ambaye wazee wetu hawachoki kumsimulia. Jambo hili lilitupa furaha kubwa. Lakini Chemirocha aliimbwa kwa kupendwa, na hakuna aliyelima majani kwa ajili yake.

Jioni ile tulimwendea yule msichana, tukamwambia yote: Sweden, kofia, merikebu. Alisikiliza akiangalia chini. Kisha akasema:

"Yaya, haiko kiburi. Njo vile napumuaka tangu baba alikufa mu shimo."

Baba yake alikuwa mchimbaji. Udongo ulimwangukia mwezi wa nane, na mtoto alirudi shuleni siku ya kwanza ya mwaka pamoja na wengine wote. Hatukuuliza. Tulikuwa na daftari tu.

Tukaenda kwa mkubwa wa nidhamu, tukaomba tufute ule mstari. Akakataa: katika daftari ile wino haufutwi. Lakini alituruhusu kuandika pembeni, na tuliandika: "Kapita alikosa," tukatia sahihi. Kesho yake, mbele ya mstari wote, tulimwomba msichana msamaha. Alisimama, akainua kichwa kidogo, akashusha pumzi ndefu.

"Haya, yaya," akasema, akaenda darasani.

Jina bado lipo. Tumelikataza, wakubwa wameacha, lakini watoto wa mwaka wa kwanza wanaliita chinichini wakati wa kula, na wengine wao bado wanaapa kwamba ni samaki.