Samaki Yule Yule, Mpishi Mwingine

Mwezi wa Julai Songea ni baridi. Asubuhi ukungu huilalia Milima ya Matogoro, unakoanzia Mto Ruvuma, na abiria stendi hujikunyata ndani ya makoti na vitenge. Huko Mbinga, karibu kilomita 100 upande wa magharibi, huu ni msimu wa kuvuna kahawa. Ni msimu pia ambao familia za wakulima hupata vijisenti vya kushuka mjini kununua sare za watoto, kupitia hospitali ya misheni Peramiho kwa mwenye maradhi, na mwishoni kukaa mahali wakala chakula ambacho hawakukipika wenyewe.

Kwa sehemu hiyo ya mwisho, Songea haina uhaba. Mgeni anayetoka kutazama Makumbusho ya Maji Maji, alipolala Nduna Songea Mbano aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 na ambaye mji umechukua jina lake, hatembei mbali kabla hajakutana na mama lishe. Ugali ni wa mahindi ya mkoa huo huo, maharage yameiva hadi mchuzi umekuwa mzito, na dagaa wa Ziwa Nyasa wapo. Anayetaka meza yenye kitambaa cheupe ataipata katika migahawa michache ya hoteli. Ni katika mgahawa mmoja wa namna hiyo ambapo familia moja kutoka Mbinga ilikuta mambo yamebadilika.

Walikuwa wanne: mzee mwenye shamba la kahawa, mkewe, mtoto wao wa kiume na mkamwana. Mzee na mkewe wamekuwa wakifika hapo kila mwaka baada ya mauzo ya kahawa, na kila mwaka chakula ni kile kile, mbasa wa Ziwa Nyasa kwa ugali. Mbasa ni samaki mwenye sifa zake kusini. Huishi ziwani, lakini ukifika wakati wa kuzaa hupanda mito kama Ruhuhu, na wavuvi humngojea huko. Tangu barabara ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay iwekwe lami, samaki wa ziwa hufika Songea bila kusota njiani kama zamani.

Safari ya mwaka huu ilikuwa na uzito wake. Mwaka jana mama huyo alipatwa na kiharusi kilichouacha mkono wake wa kulia bila nguvu. Jiko la nyumbani likapita kwa mkamwana. Tangu siku hiyo mzee amekuwa mtu wa kula nusu sahani na kusema ameshiba. Hakumgombeza mtu. Lakini katika nyumba, sahani inayorudi jikoni na chakula nusu husikika kuliko kelele. Mkamwana aliongeza chumvi, akapunguza, akabadilisha mafuta, na sahani ikaendelea kurudi. Kijana alipowaleta wazazi mjini, alikuwa na tumaini kwamba angalau siku moja baba yake angekula akamaliza.

"Shikamooni wazee wangu, karibuni," mhudumu aliwapokea na kuwapa menyu. Mzee hakuifungua. Aliagiza mbasa kama kawaida.

"Yupo, babu. Ila sasa anapikwa kivingine. Yule mpishi wa zamani amestaafu, amerudi kwao ziwani."

Mzee aliuliza kama kuna pahali pengine pa kula. Mkewe akamwambia akae, maana miguu yake haikuwa na nguvu ya kuzunguka mji kumtafuta mpishi.

Mpishi mpya ni kijana aliyesomea upishi Dar es Salaam na kufanya kazi katika hoteli za Zanzibar. Menyu yake ina majina ya Kifaransa, na mbasa ameandikwa humo kwa jina la meunière. Jina ni refu kuliko kazi yenyewe. Samaki hupakwa unga mkavu kidogo, hukaangwa kwa siagi hadi ngozi ishike rangi ya kahawia, kisha humwagiwa siagi ya moto na ndimu. Kwa Kifaransa neno hilo ni mke wa msaga nafaka, kwa kuwa nyumbani kwa mwenye mashine ya kusaga unga haukosekani.

Mhudumu alipoeleza hivyo, mama alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Basi Mbinga nzima tunapika Kifaransa," alisema.

Wafaransa wenyewe hawalichukulii jambo la mpishi kwa mzaha. Mwongozo wa Michelin, ulioanza mwaka 1900 kama kijitabu cha kuwasaidia wenye magari, baadaye ulianza kuipa migahawa nyota, na mpaka leo mpishi mkuu akiondoka, wapenzi wa chakula huulizana kama nyota itabaki. Auguste Escoffier, aliyefariki mwaka 1935, aliyapanga majiko makubwa kwa zamu na vitengo, huyu wa michuzi, yule wa nyama, ili kazi isisimame kwa kuondoka mtu mmoja. Hata hivyo watu waliendelea kufuata mikono. Wala hilo si la Ufaransa tu. Songea mteja huhama na mama lishe wake akihamia upande wa pili wa soko, ingawa maharage ni yale yale.

Chakula kilipoletwa, mkamwana alimchambulia mama mkwe miiba, kisha akamwekea uma mkono wa kushoto. Hapo hotelini kila mtu alikuwa anahangaika na uma, kwa hiyo mama hakuwa na haya. Mzee alionja, akanyamaza, akaendelea. Mpishi alitoka jikoni na aproni yake, akawaamkia, akauliza chakula kikoje.

"Si kibaya," mzee alisema. "Ila si kile."

"Naomba unieleze kile kilikuwaje, babu, nijifunze. Niliyempokea kazi hakuacha maandishi."

Mzee alifungua mdomo, akaufunga. Amekula samaki huyo miaka yote hiyo bila kujua anavyopikwa. Aliyejibu alikuwa mkewe.

"Alikuwa anambanika kwanza," alisema. "Moto wa kuni, pole pole, mpaka maji yamkauke na moshi umwingie. Ndipo anamtia kwenye mchuzi wa nyanya, mwishoni karanga za kutwanga. Mtu wa ziwani hawezi kumtia samaki mbichi kwenye mchuzi. Nilijua siku ya kwanza, kwa sababu na mimi ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu."

Mpishi alisema jiko lake ni la gesi, lakini uani pana nafasi ya kuweka mafiga, na kwamba mwenye kutaka samaki wa namna hiyo atampigia simu asubuhi ili apate muda wa kumbanika. Alishukuru, akarudi kazini.

Pale mezani, hata hivyo, mazungumzo yalikuwa hayajaisha. Mkamwana alikuwa ameweka uma chini.

"Mama, nyumbani mwaka mzima nimekuwa namtia samaki mchuzini mbichi. Wewe unaniangalia."

Mama alitazama mkono wake wa kulia uliolala juu ya kitambaa cheupe. "Nilikuwa nakuangalia, ndiyo. Mkono umekwenda. Nikasema nikikupa na yale ya kichwani, mimi nitabaki na kazi gani katika nyumba ile?"

"Mimi nilidhani hutaki nishike vyungu vyako. Niliogopa kuuliza."

Kijana alijikohoza. Mzee akatazama dirishani. Ilikuwa zamu yake kusema neno, naye alijua, maana ni sahani zake zilizowakalisha wanawake wawili kimya mwaka mzima, kila mmoja kwenye kigoda chake.

"Na mimi ningesema," alisema hatimaye. "Nilikuwa nanyamaza nikidhani ndiyo heshima."

Mambo kama hayo yapo katika nyumba nyingi. Jiko hubadilisha mikono kwa ugonjwa, kwa uzee, kwa ndoa au kwa kifo, na kwa kawaida hakuna makabidhiano. Anayeondoka huona uchungu kuhesabika amemaliza kazi. Anayeingia huona aibu kuuliza asionekane hakufundwa kwao. Mlaji hungoja ladha ijirudie yenyewe. Mpishi wa hotelini alikuwa na bahati kuliko wote hao, kwa kuwa mteja wake alimwambia usoni kwamba si kile, naye akauliza kwa nini.

Mhudumu alipokuja kuondoa vyombo, mama alinyoosha kidole kwenye sahani ya mumewe. Palikuwa na kichwa cha mbasa na mwiba wa mgongo, umesafishwa kama ulioshwa. "Si kile," alisema, "lakini umekimaliza." Mzee akakubali kwamba ndimu haikuwa mbaya.

Walilipa bili, wakapitia soko kuu kabla ya jua kuzama. Mama ndiye aliyechagua samaki. Aliinua mashavu kwa kidole cha mkono wa kushoto kutazama wekundu, akakataa wawili, akakubali wa tatu. Ndani ya gari la kurudi Mbinga kifurushi kilikaa mapajani mwa mkamwana. Walipofika njia panda ya Peramiho alikuwa ameshauliza kuni za mti gani, moto wa urefu gani, na karanga hutiwa kabla au baada ya chumvi. Mama alikuwa anajibu taratibu, swali moja kwa wakati wake, bila haraka ya kuyamaliza yote njiani.