Faili la Kanada na posa ya binti yetu

Mzazi mwenzangu, kama una ndugu au jirani aliyeomba kuhamia Kanada kwa njia ya wafanyakazi wenye ujuzi, huenda umeshamwona akilikwepa swali moja: “Mmefikia wapi?” Halikwepi kwa sababu ya siri wala kiburi. Mara nyingi mwenyewe hajui.

Sisi ni miongoni mwa hao. Mume wangu ni mhandisi wa umeme, mimi ni mwalimu wa sekondari. Tunaishi Kimara, Dar es Salaam, na tuna watoto wawili: binti aliye mwaka wa mwisho chuoni na mdogo wake wa darasa la sita. Mwombaji mkuu ni baba yao. Sisi watatu tumeandikwa chini yake.

Wanaofikiri ni kujaza fomu na kupanda ndege hawajui safari yenyewe. Kwanza kuna kizingiti cha alama 67 kati ya 100, zinazotokana na lugha, elimu, uzoefu wa kazi, umri na mengineyo. Ukikivuka, unaingia kwenye mfumo wa Express Entry ulioanza Januari 2015, ambako waombaji hushindanishwa kwa alama nyingine. Ukialikwa, una siku 60 za kuwasilisha kila kitu: matokeo ya mtihani wa Kiingereza, vyeti vilivyolinganishwa na elimu ya kule, barua za waajiri, cheti cha polisi, taarifa za benki na vipimo vya afya vya familia nzima. Ukishatuma, kinachobaki ni kusubiri. Lengo lao ni miezi sita. Kwetu miezi sita ilipita, ukaja wa saba na wa nane, na kwenye akaunti neno likabaki lilelile: ombi linashughulikiwa.

Mwezi wa nane binti yetu alitimiza miaka 22. Keki ilikatwa, lakini mama mkwe aliniita pembeni. Alikuwa amesikia kwamba kule mtoto tegemezi ni yule aliye chini ya miaka 22. “Mwanangu,” aliniambia, “mtoto huyu mtamwacha na nani?”

Kabla sijapata jibu la kumpa, mshenga akabisha hodi. Kijana mmoja aliyesoma na binti yetu alikuwa amewaambia wazee wake kwamba amepata mchumba. Walitaka kuleta barua ya posa, na ndoa ifungwe Desemba. Familia ni ya watu waungwana, na kijana ana kazi. Tungewajibu nini wakati wenyewe hatukujua tutakuwa nchi gani?

Ndipo mume wangu alipoamua tulione faili letu. Kila ombi linapofanyiwa kazi, maofisa wa uhamiaji wa Kanada huandika maelezo yao katika mfumo wa kompyuta unaoitwa GCMS. Watu wa zamani watakumbuka ule uliotangulia, CAIPS. Sheria ya nchi ile ya kupata taarifa, iliyoanza kutumika mwaka 1983, inampa raia, mkazi wa kudumu au mtu yeyote aliyeko Kanada haki ya kuomba kumbukumbu za serikali kwa ada ya dola 5. Shemeji yangu anaishi Edmonton. Mume wangu alisaini fomu ya kumridhia, shemeji akatuma ombi. Wakala mmoja hapa mjini alikuwa ametutajia laki tatu kwa kazi hiyohiyo.

Sheria inaweka siku 30 za kujibu, ingawa ofisi inaweza kuziongeza. Tulipata faili la kurasa 43 kupitia barua pepe, usiku, umeme ukiwa umekatika. Tulilisoma kwenye simu, vichwa vimegusana.

Usiku ule hatukuelewa kitu zaidi ya kuogopa. Kurasa nyingi zilirudia majina na tarehe. Nyingine zilikuwa na sehemu zilizofutwa, pameachwa namba tu. Mume wangu aliona sehemu ya usalama imeandikwa “haijaanza” akasema, “Basi wametutupa.” Nikaona sehemu ya sifa imeandikwa “imependekezwa kupita” nikataka kumpigia mama mkwe saa ile ile. Wote wawili tulikuwa tunaharakisha.

Kesho yake, kwa mwanga wa mchana na kalamu mkononi, tulilisoma upya. Hivi ndivyo lilivyo. Ombi hugawanywa katika vipengele: sifa za mwombaji, afya, makosa ya jinai na usalama. Kila kipengele kina hali yake. “Imepita” maana yake kimekamilika. “Imependekezwa kupita” maana yake ofisa mmoja ameridhika, lakini mwenye mamlaka ya kuamua bado hajatia neno lake. “Haijaanza” maana yake ni hiyo hiyo, haijaanza. Haisemi kuna tatizo. Kuna sehemu maofisa wanaandika kwa maneno yao: wameona barua ya mwajiri, wamelinganisha majukumu na kazi iliyotajwa, wameridhika na fedha za kujikimu au hawajaridhika. Ukitaka kujua wanachokitilia shaka, hapo ndipo pa kusoma taratibu.

Na zile namba kwenye nafasi zilizofutwa ni vifungu vya sheria vinavyoruhusu kuficha. Kwa mfano, kifungu cha 19 hulinda taarifa binafsi za watu wengine. Cha 15 kinahusu uhusiano wa kimataifa na ulinzi. Kuona sehemu imefutwa hakumaanishi umeshukiwa. Jirani yako akiomba faili lake naye atakuta zimefutwa.

Tulitafuta mstari mmoja kuliko yote: wa binti yetu. Tuliukuta. Ameandikwa kama mtoto tegemezi anayesafiri nasi, pamoja na tarehe ombi letu lilipopokelewa. Siku ile alikuwa na miaka 21. Kwa kanuni zao, umri wa mtoto huhesabiwa siku ombi kamili linapopokelewa, na ukishahesabiwa hivyo, siku ya kuzaliwa inayofuata haimwondoi. Nilimpigia mama mkwe, safari hii nikiwa na jambo la uhakika. Alishusha pumzi nikaisikia kwenye simu.

Lakini kanuni hiyohiyo ina upande wa pili. Umri unaweza kufungwa siku ya kupokelewa. Hali ya ndoa haifungwi. Mtoto tegemezi lazima awe hana mume wala mke, na mabadiliko yoyote ya ndoa lazima yatolewe taarifa kabla ya kuingia nchini mwao. Harusi ya Desemba ingemtoa kwenye ombi letu.

Kulikuwa na njia rahisi kwetu wazazi, ya kumwambia mshenga kwamba binti bado anasoma, tukanyamaza. Mume wangu alikataa. “Faili lina jina lake,” alisema. “Alisome mwenyewe.”

Tulimwita sebuleni, mdogo wake akiwa mazoezini. Alisoma kurasa zile zinazomhusu, kisha akauliza, “Kwa hiyo nikiolewa Desemba, ninyi mnaondoka na mimi nabaki?”

“Ukiolewa kabla hatujaingia kule, ndiyo,” baba yake alimjibu.

“Na nikisubiri, halafu jibu likawa hapana?”

Nikamwambia, “Utakuwa umesubiri, na kijana wa watu naye atakuwa amesubiri. Faili halisemi tutajibiwa lini wala tutajibiwaje.”

Aliomba wiki moja. Alizungumza na mwenzake, akampa ukweli wote. Aliporudi kwetu alisema barua ya posa ipokelewe, ila tarehe ya ndoa isipangwe mpaka jibu litoke; na kama hadi Juni hakuna jibu, watakaa tena waamue upya. Alikuwa ameshajisomea kwamba mkazi wa kudumu anayeishi Kanada anaweza kumwombea mwenzi wake amfuate, ingawa hilo nalo ni ombi jingine lenye kusubiri kwake. Mshenga alipelekewa majibu hayo bila kufichwa neno. Wazee wa kijana walitafakari, wakasema Juni si mbali.

Faili lilitusaidia pia kwa yule mdogo. Lilionyesha kwamba vipimo vyetu vya afya, ambavyo hudumu miezi 12, vilikuwa vimebakiza miezi miwili. Kwa hiyo tulijua huenda tukaambiwa tupime tena, na kwamba muhula ujao bado tutakuwa hapa. Tulimlipia ada, tukamnunulia sare mpya. Nyumba hatukutoa notisi, na mimi kazini sijaandika barua ya kuacha. Waliosema usiache mbachao kwa msala upitao walijua wanachosema.

Kama na wewe unasubiri, nina machache ya kukuambia. Maelezo ya faili hayaharakishi ombi. Ofisa hafanyi haraka kwa kuwa umeomba kusoma. Yanakuonyesha mambo yalivyokuwa siku yalipotolewa, na yakikufikia yanaweza kuwa yamepitwa. Kwa hiyo usiyaombe kila mwezi. Yaombe pale ambapo kuna uamuzi wa nyumbani unaoyategemea: ada, ndoa, ujauzito, mzazi mgonjwa. Na mtoto akizaliwa, ndoa ikifungwa au kuvunjika, toa taarifa kwa ofisi yao mapema, maana mwanafamilia usiyemtaja anaweza kukosa nafasi ya kukufuata baadaye.

Na watoto wakubwa waonyeshe kurasa zao. Sisi tulidhani tunamlinda binti yetu tukilibeba jambo hili wenyewe, lakini tangu alisome, kuna wasiwasi mwingi umetoka nyumbani kwetu. Wiki iliyopita tuliitwa kupima afya upya. Alituandalia bahasha ya picha za pasipoti na nakala zote nne, akaandika jina la kila mmoja juu yake, kisha akaenda kumsaidia mdogo wake hesabu.