Kutoka Lambwe hadi Nyuzi 26

Niliondoka Lambwe na sweta la sufu. Dani, nyanya yangu, ndiye aliyelitia mkobani, kwa kuwa kwake yeye penye maji mengi ndipo penye baridi. Sikumbishia. Mimi mwenyewe nilikuwa na miaka 22 na bahari niliijua kwa ramani ya darasani tu.

Ilikuwa Machi 2024. Bodaboda ilipita kando ya Ruma, mbuga ya kilomita za mraba 120 ambayo ndiyo makao ya mwisho ya swala aitwaye korongo nchini Kenya, na vile vitambaa vya buluu na vyeusi vya kutegea mbung'o vikanipungia kama bendera za harusi ya mtu nisiyemjua. Homa Bay nikapanda basi la usiku. Nairobi sikuiona, niliona Syokimau tu, kisha treni, kisha Miritini. Pale kivukoni Likoni nikalamba midomo nikaonja chumvi kabla hata sijaigusa bahari. Nilipofika Shimoni, jasho lilikuwa limeshaniambia sweta lile ni mzaha.

Kazi niliyotafutiwa ilikuwa kwenye banda la samaki wa mapambo. Wapiga mbizi huwakamata mwambani, nao hukaa matangini siku kadhaa, kisha hutiwa kwenye mifuko yenye maji kidogo na oksijeni nyingi, wakapandishwa ndege kwenda Ulaya na Marekani kupamba kuta za watu. Mimi nilipewa kipima joto na ubao. Asubuhi, adhuhuri, jioni, niandike joto la kila tangi. Mzee msimamizi, mpiga mbizi wa zamani aliyeanza kuziba masikio, alinipa sheria moja: 26. Ikishuka 24 au ikipanda 28, nimwite, hata akiwa msikitini.

"Maji ya moto hayana pumzi, mwanangu," akasema.

Hilo nililielewa upesi kuliko alivyotarajia. Joto likipanda, oksijeni hupungua majini, na samaki naye, mwili ukichangamka, huitaka zaidi. Kwetu ziwani nimewaona ngege wa vizimbani wakihema juu ya maji alfajiri, na kufikia asubuhi wameelea matumbo juu.

Lililonishangaza ni feni. Mbili zilikuwa zimefungwa juu ya kila tangi, zikipuliza uso wa maji. Nikauliza kama samaki nao huona joto la Pwani. Mzee hakucheka. Akanieleza kwamba maji yanayogeuka mvuke huondoka na joto, na yanayobaki hupoa. Basi nikamwona Dani, na dapi lake pembeni mwa nyumba, mtungi wa udongo unaotoka jasho mchana kutwa na kutupa maji ya baridi bila umeme. Miaka yote ile nimekuwa nikinywa kutoka kwenye mtambo huu huu! Ila dapi halina chumvi. Hapa maji huruka, chumvi hubaki, kwa hiyo tangi likipungua huongezwa maji baridi ya kunywa, si ya bahari. Ukikosea, siku chache tu maji yanakuwa makali kupita bahari yenyewe.

Usiku wa tano umeme ukakatika. Jenereta likakohoa mara tatu likanyamaza. Nilikuwa peke yangu zamu. Kaskazi ilikuwa imekufa, hata jani la mnazi halikutikisika, na kipima joto kikapanda: 28, kisha 29. Nikamtuma mtoto wa jirani akamwamshe Mzee, nami sikungoja. Kwenye friza mlikuwa na chupa za barafu. Nikazitumbukiza zote katika tangi la samaki waitwao kangaja.

Mzee alipofika na tochi, maji yalikuwa 24 na kangaja wawili wamelala ubavu.

"Umewachemsha, sasa wawagandisha?"

Akazitoa chupa, akairudisha moja tu, ikielea. Samaki hustahimili joto linalobadilika polepole. La ghafla humvunja, ndiyo maana hata mgeni akiletwa, mfuko wake huachwa uelee tangini kwanza robo saa au zaidi. Kisha akaagiza magunia. Tukayalowesha, tukayazungusha kwenye vioo, tukafungua milango yote miwili. Gunia moja likapungua. Nikaenda mkobani. Sweta la Dani likalowa, likavalishwa tangi, mikono ikining'inia. Hadi alfajiri tulishika kata, tukichota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yaingie hewa. Wale wawili walikufa. Mzee aliwaandika ubaoni kwa mkono wake, hakuandika jina langu.

Jumapili ya bamvua akanipeleka mwambani kwa ngarawa. Maji yalikuwa yamekupwa sana. Nilitarajia rangi, nikakuta matumbawe mengi yamepauka, mengine meupe kama chokaa. Akasema ameyaona haya 1998, mwaka ambao sehemu nyingi za pwani ya Kenya zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe hai. Tumbawe ni mnyama, na mwani unaoishi mwilini mwake ndio unaomlisha na kumtia rangi. Bahari ikizidi joto lake la kiangazi kwa nyuzi moja tu, majuma kadhaa mfululizo, tumbawe huutapika mwani ule. Hafi papo hapo. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi.

Kipima joto kilikuwa mfukoni. Nikakitumbukiza kwenye kidimbwi: 33. Nikageuka huku na huku kama mtu atafutaye swichi.

"Na hapa mnafanyaje, Mzee?"

"Twangoja masika. Kisha kusi."

Jioni Dani akapiga simu. Akauliza kama sweta lanitosha. Nikamwambia limeloa, nimelianika.

"Kwani huko kumenyesha?"

Nikatazama juu.

"Bado, Dani."