Marehemu Aliyekuja Kudai Mshahara

Naomba radhi mapema kwa kuleta habari za wafu katika ukurasa uliozoea habari za mapishi na malezi. Kosa si langu peke yangu. Kosa ni la umeme, ambao katika mtaa wetu wa Kigobe una desturi ya kwenda zake saa moja jioni, wakati watoto wamekwisha kula lakini usingizi haujawafikia, na mama wa nyumba hana la kuwashughulisha isipokuwa mdomo wake. Ndipo nilipoanza kusimulia.

Watoto wa siku hizi hawaridhiki na sungura na fisi. Mwanangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alidai zombi. Alikuwa amewaona katika simu ya rafiki yake: wafu wa Kimarekani wanaotembea mikono mbele, nguo zimeraruka, wakitafuna watu. Nilimweleza kwamba neno hilo lina asili katika bara letu. Wataalamu wengi wa lugha hulihusisha na maneno ya Kikongo kama vile nzambi. Lilivuka bahari pamoja na watumwa, likafika Haiti, na huko zombi hakuwa mla watu hata kidogo. Alikuwa maiti aliyeinuliwa kaburini ili alime shamba la mwingine bila ujira. Ulaji wa watu uliingizwa na sinema ya George Romero ya mwaka 1968. Kwa mtu aliyepata kuzungumza na jirani zetu wa Tanzania, huyo zombi wa Haiti si mgeni: ni msukule, anayelishwa pumba na kulima usiku, hali nyumbani kwake wamezika mgomba wakidhani wamezika mtu.

Basi nikaona nitunge hadithi ya msukule, lakini iwe ya upelelezi, na iwe ya kuchekesha, kwa maana watoto wakiogopa sana hulala kitandani kwangu. Nilipokuwa katika mafunzo ya ualimu nilisoma Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi. Mwandishi huyo, aliyefariki mwaka 1991, alikuwa mhariri wa gazeti la wakulima lililoitwa Mkulima. Yaani mtu wa ofisini kama sisi, ambaye jioni alimtuma Bwana Msa na kiko chake kufumbua mauaji. Nilichokipenda ni kwamba maiti inaokotwa mzimuni, watu wanasema ni kazi ya mizimu, naye Bwana Msa anauliza kwanza walio hai walikuwa wapi.

Lakini Bwana Msa ana akili mno. Mimi nilitaka mwanamke, tena mwenye kasoro, maana mwanamke asiye na kasoro sijapata kumwona na sijui angesema nini. Nikamwita Konsolata. Ni karani wa daraja la chini katika ofisi ya mishahara, huchelewa kazini kila Jumatatu, anadaiwa na muuza vitenge, huongopa uongo mdogo mdogo ili siku zipite, na katika droo ya meza yake, chini ya mafaili, huficha ndagala wa kukaanga. Watoto walimpenda mara moja. Baba yao alisema anamfahamu, akanitazama.

Siku moja anafika dirishani mwanamume mwembamba, buti zina matope, anauliza kwa adabu kwa nini mshahara wake umesita. Konsolata anafungua daftari: mtu huyo amekufa miaka mitatu iliyopita. Tena anafungua daftari la pili: mshahara wa marehemu umekuwa ukichukuliwa kila mwezi, bila kukosa, hadi mwezi uliopita. Konsolata anazimia, na akianguka anavuta droo, ndagala wanamwagika mbele ya mkuu wa ofisi.

Msidhani niliyatoa hewani. Mwaka 1929 Mmarekani aitwaye Seabrook alichapisha kitabu juu ya Haiti, na humo misukule wanafanyishwa kazi mashambani huku malipo yao yakipokelewa na aliyewaleta. Na mwaka 2016 serikali ya Rais Magufuli ilipowasaka watumishi hewa, ilitangazwa kabla ya nusu ya mwaka kwamba wamekwisha kupatikana zaidi ya 10,000. Majina yale yalikuwa yakilipwa, na miongoni mwao yalikuwamo ya marehemu. Niliposoma habari hizo nilijiambia kwamba msukule wa zamani alikuwa anafanya kazi wengine wakila. Huyu wa sasa hafanyi kazi, ila wanaokula ni wale wale.

Ikawa kila jioni jirani zetu wanaleta viti. Jirani mmoja, askari polisi, alitaka kujua ni nani aliyetia saini kwenye orodha ya malipo, akasema hata wafu wana mwandiko. Baba Watoto, ambaye ni mwanajeshi na amepata kutumika Somalia, yeye alishughulika na buti tu: matope yake ni ya rangi gani? Kama ni mekundu, mtu huyo ametoka milimani. Kama ni ya kijivu, hajavuka bonde la Rusizi. Walibishana hadi saa tatu. Nilishika kalamu nikaandika yote, maana walikuwa wananitungia bure.

Jioni iliyochekesha kuliko zote ni ile ya chumvi. Katika itikadi za Haiti zombi haonjeshwi chumvi, kwa kuwa akiionja hukumbuka yeye ni nani, akarudi kaburini kwake. Konsolata amesikia habari hiyo kwa shoga yake, basi anampa marehemu sahani ya ndagala wenye chumvi kali, kisha anajificha nyuma ya kabati kungojea aporomoke. Marehemu anakula wote, anaramba vidole, anauliza kama kuna ugali.

Katika nyumba yetu anakaa shangazi yangu, dada wa baba. Huketi mlangoni na shuka lake, na muda wote huo hakusema neno. Nilidhani hasikilizi.

Jioni ya sita nilimpeleka Konsolata kwa mjane wa yule marehemu. Ili amnase mwizi wa mshahara, anamdanganya mjane kwamba mumewe ameonekana sokoni yu hai, akinunua sabuni. Mjane anaangusha chungu, anakimbia nje na kiatu kimoja, kuku wanatawanyika. Niliigiza mbio zile, watu wakashika mbavu. Shangazi akauliza, kwa sauti ya chini:

“Mwanangu, na huyo mwanamke angemjua mumewe kwa nini, baada ya miaka yote hiyo?”

Kicheko kilikatika. Mume wa shangazi aliondoka nyumbani kwa baiskeli katika siku zile za Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye, kwenda kumtafuta mdogo wake. Hakurudi. Hakuna aliyemwona amekufa, wala hakuna kaburi. Matanga hayakukaliwa, wala kuganduka, siku ile ambayo jamaa hukutana kuondoa msiba na mtu akaruhusiwa kuishi tena, haikufanyika, kwani utaondoaje msiba ambao hukuuweka? Hadi leo yeye si mke wala si mjane. Shamba lao la mlimani limesimama hivyo hivyo, na shemeji zake wameanza kuliongelea.

Sikuwa na jibu langu, nikampa la watu wengine. Nilimsimulia habari za Clairvius Narcisse wa Haiti, ambaye hospitali ilimwandika kuwa amekufa mwaka 1962, akazikwa, na mwaka 1980 mtu mmoja akamwendea dada yake Angelina sokoni akasema ndiye yeye, akidai kuwa ndugu yake mwenyewe ndiye aliyemtoa kwa ajili ya ugomvi wa ardhi. Waganga na wataalamu walibishana juu ya sumu. Wade Davis aliandika kitabu kizima mwaka 1985, na wenzake wengi hawakukubaliana naye. Lakini dada hakungoja wataalamu. Mtu yule alimtajia jina lake la utotoni, ambalo halikujulikana nje ya jamaa zao.

Shangazi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia.

“Wangu naye alikuwa na jina alilokuwa akiniita,” akasema. “Hata mama yangu hakulijua. Akija mtu akalitaja, nitafungua mlango hata kama hana uso.”

Mwanangu mdogo akauliza ni jina gani. Bibi yake akamwambia akalale.

Hapa inanipasa nikiri jambo. Majuma mawili kabla ya jioni ile nilikuwa nimejaza ombi la kuiomba mahakama itamke kwamba mume wa shangazi amekufa. Sheria inaruhusu, na bila tamko hilo habari ya shamba haitakwisha. Nililiona hivyo kama mtumishi wa serikali anavyoona mambo, kwa karatasi. Sikumwambia. Nilidhani nitampata siku moja amechangamka, aweke dole gumba pasipo maneno mengi. Karatasi niliificha ndani ya kitabu cha Bwana Msa, kwa kuwa shangazi hasomi. Kila nilipowachekesha watu kwa uongo wa Konsolata na droo yake, kitabu kile kilikuwa rafuni, hatua mbili nyuma ya mgongo wangu.

Usiku ule sikulala vema. Siku ya pili nilisingizia kichwa, na ya tatu pia. Jirani polisi alirudi kwake na kiti chake akinung'unika. Siku ya nne shangazi mwenyewe aliniita mlangoni.

“Hadithi imekwama wapi?”

“Imekwama kwa yule mjane, Shangazi. Sijui Konsolata amwambie nini.”

“Amwambie kwamba alidanganya. Aende kwa miguu, asitume mtu.” Akanyamaza kidogo, akilikunja shuka. “Na ile karatasi niliyoikuta wakati wa kufuta vumbi, iliyo ndani ya kitabu, yenye mahali pa dole gumba. Ni ya huyo Konsolata, au ni yangu?”

Nilimwambia ni yake.

“Basi keti,” akasema, “unisomee. Pole pole, na usiruke neno.”

Nikaketi. Nilikuwa nimefika kwenye mstari wa jina la mume umeme uliporudi, watoto wakapiga kelele za furaha kama kawaida yao, na shangazi akanyoosha mkono akaizima taa ya kibarazani, akaniambia niendelee kwa mwanga wa ndani.